Salamu za Saimon

Maposeni,
9 Mei 2021

Mdogo wangu Mwanne,

Hujambo na wanao? Funga inaendeleaje? Sisi hatujambo, isipokuwa mgongo wangu, unaonikumbusha kila asubuhi kwamba sikuzaliwa juzi. Mahindi yanakauka shambani, tunangoja kuvuna.

Lori la Polikarp linakuletea unga, maharage na nguo za watoto. Akina mama wa jumuiya wamechanga kwa ajili ya hao wanaovuka Ruvuma kukimbia vita.

Sasa la Saimon. Nilimruhusu mwanangu aje kujitolea huko kwa sababu upo wewe, anayekuita mama mdogo tangu tulipopanga nyumba moja Songea mjini. Apike, abebe mizigo, ajenge vibanda. Mtumbwini asitie mguu, kuogelea hajui.

Harusi ya Getruda ni tarehe 26 Juni. Baba yao hayupo, kaka mtu ndiye wa kumwingiza kanisani. Huko mtoni simu yake haishiki, kwa hiyo muulize wewe. Kama hatapata nafasi, nitaahirisha. Neno lako linanitosha.

Dada yako,
Lidwina


Nakapanya,
3 Juni 2021

Dada yangu Lidwina,

Shikamoo. Huku twamshukuru Mungu, sote wazima. Idi ilipita salama. Mgongo uukande kwa maji ya moto.

Unga ulifika, ukapikwa siku hiyohiyo. Wageni wanawaombea dua.

Saimon hajambo, anakusalimu. Kazi imembana, watu bado wanavuka. Anasema msimngoje. Fanyeni harusi tarehe hiyohiyo, baba mdogo amwingize Getruda kanisani.

Nisamehe, barua ni fupi.

Mdogo wako,
Mwanne


Maposeni,
29 Juni 2021

Mwanne,

Sikusalimu.

Jumamosi tulimwoza Getruda. Ngoma ya lizombe ilipokolea nikaingia uwanjani na mgongo wangu mbovu, nikacheza. Polikarp akapita na lori lake, akaniona, akasimama haamini. Akanivuta pembeni, akanipa mkono. "Pole, mama. Kumbe msiba mmeshaumaliza?"

Nikamuuliza msiba gani.

Akaniambia Saimon alizama katikati ya Mei. Mtumbwi ulipinduka akiwafuata watoto waliobaki ng'ambo.

Katikati ya Mei, Mwanne! Barua yako ni ya Juni.

Asubuhi ya harusi nilimwambia Getruda, "Kaka yako anakusalimu." Akacheka, akasema kaka ana bahati, amekwepa kuvaa tai. Salamu zile ulizitoa wapi? Nilikupigia simu mara ngapi, hukupokea, nami nikakutetea kwa watu kwamba kazi ni nyingi. Sasa naelewa. Sauti ingekusuta, kalamu haikukusuta.

Mto siudai kitu. Vita siijui. Wewe nakujua, na ndiwe uliyenifanya nicheze ngoma kabla sijamlilia mwanangu.

Lidwina


Nakapanya,
6 Julai 2021

Dada yangu,

Shikamoo, hata usipoitikia.

Tuliutafuta mwili mpaka vijiji vya chini, hatukuupata. Wazee wakasema tusikutangazie msiba usio na maiti. Nawe wajua, kwenu na kwetu kifo hakiandikwi kwenye karatasi. Hutumwa mtu akaketi nawe. Mtu huyo nilikuwa mimi. Kila lori lilipoondoka nilishindwa kupanda.

Ulipouliza habari ya harusi nikasema moyoni, angalau wapate siku moja ya furaha.

Mtumbwi nilimkataza, wallahi. Akaniambia, "Mama mdogo, husikii wanavyolia?" Akaingia.

Nakuja kwenye matanga. Nipokee, dada.

Mdogo wako,
Mwanne


Maposeni,
11 Julai 2021

Mwanne,

Magunia yataendelea kuja. Akina mama hawajaacha, nami sijaacha. Walio na njaa hawakunikosea. Ila yatapokewa na Bakili, yule mpishi mwenzako. Nimeshaongea naye.

Hiyo siku ya furaha uliyotuchagulia, Getruda hataki hata kuona picha zake.

Padri ametusomea misa bila jeneza, na matanga yamewekwa. Msiba haufukuzi mtu, kwa hiyo njoo. Utapewa mkeka, utapewa chakula, utalia na wenzako. Lakini watu watakapoinuka kunipa mkono wa pole, wewe baki umekaa.

Lidwina