Vile Tuliokoka Juu ya Ngoma ya Yaya Nyundo

Likasi, Siku ya Mungu (Jumapili), mwezi wa saba. Asubuhi baridi ya kukata masikio, mchana vumbi. Moyo: muzuri sana.

Leo nimetoka kanisani saa nane za mchana. Minye. Mimi, ule ule ambaye mama yake alikuwa anamvuta kwa sikio kwenda misa ya alfajiri, leo amekaa saa tano kwenye benchi la mbao, katika kanisa ambalo hata si la kwao, na hakuna aliyemlazimisha. Tena ni Siku ya Mungu ya tano mfululizo.

Mama hajui. Mama ni Mkatoliki wa rozari mbili kwa siku.

Shajara yangu, usicheke kwanza.

Muanze kwa kujua Yaya Nyundo ni nani. Jina la karatasi ni Dieudonné, kazi yake ni kukunja na kuunga mabati mazito ku atelier, karakana ya vyuma, lakini hapa mjini hakuna kijana wa tisheti nyeusi anayemwita hivyo; yaya kwetu ni kaka mkubwa. Miaka mitatu alikuwa batteur, mpiga ngoma wa Mitraille, bande yetu ya rock. Mitraille kwetu ni vyuma chakavu, na ndivyo walivyopiga: kama vyuma chakavu vilivyoamka na hasira. Kuna wanaosema rock si muziki ya mutu mweusi. Hao hawajasimama mbele ya Yaya Nyundo. Sahani moja ya ngoma zake aliifua mwenyewe kwa nyundo, jina likatoka hapo. Ilikuwa inalia kama sufuria ya mama mkwe siku wageni wamekuja bila kusema.

Lakini kilichotushika si kelele. Ni shimo.

Kabla ya kiitikio, pale ambapo batteur wengine wanajaza mikono yote miwili, yeye alikuwa anaacha. Anainua fimbo, muda kama wa kumeza mate, hakuna kitu. Ukumbi mzima unainama mbele kama watu waliokosa ngazi. Halafu anapiga, na unaelewa sababu Mungu alikupa kifua. Batteur wao wa sasa ni mtoto mzuri, ana pedali mbili na nywele ndefu. Anajaza kila mahali kama muuza makaa anayeshindilia gunia. Simchukii. Namhurumia.

Mwaka jana Yaya Nyundo akaoa, akaokoka, akaacha Mitraille. Hakuaga. Na sisi mashabiki wake tulifanya nini? Hapa nakiri. Minye, président wa comité ya mashabiki (nilijichagua, hakuna aliyepinga), niliandika kwenye blogu hii hii ninapoweka shajara yangu kwamba ni mwoga, kwamba ameuza fimbo zake kwa sketi. Watu walicheka sana. Nilihesabu vile vicheko kama mutu anahesabu magoli.

Yeye aliendelea kukunja mabati yake.

Miezi ikapita. Siku moja asubuhi Béa akanipigia simu. Béa anasuka nywele pale Kikula, ni shabiki kama minye, na mdomo wake ni wembe.

“Président, uko wapi?”

“Ku kitanda. Ni Siku ya Mungu.”

“Vaa suruali. Yaya Nyundo eko napiga kwa Yesu.”

Alikuwa anapita nyuma ya soko, karibu na kanisa moja la mabati, akasikia shimo. Hakumwona mutu. Alisikia tu pale ambapo hakuna kitu, akajua ni yeye.

Tukaingia watatu: minye, Béa, na Papi, binamu yake. Tukakaa nyuma kabisa. Wimbo wa pili courant, umeme wetu, ikakatika. Gitaa kimya, kinanda kimya, mikro kimya. Courant yetu inatoka bwawa la Koni, na Koni siku hiyo ilikuwa na mambo yake. Ya Yaya Nyundo haitoki Koni. Alibeba lile kanisa zima peke yake, kina mama na watoto na vikapu vyao, mpaka mwisho wa wimbo, na hakuna aliyekaa. Alipoacha shimo, sisi watatu tukainama mbele pamoja, kama zamani. Mama Shemasi, yule mwanamke mzee anayepanga watu kwenye mabenchi, akainua mikono juu: “Roho eko nabagusa.”

Alitugusa kweli. Nani, hiyo ni habari nyingine.

Sasa kosa langu. Kanisa lile lina desturi yake: mgeni anasimama, anataja aliyemleta, na aliyemleta anapigiwa makofi na kuandikwa ku daftari. Tulipoulizwa, nikasimama na kifua mbele nikasema, “Ni ule yaya wa ngoma.” Nilifikiri namheshimu. Makofi yakalia mabati yakatetemeka. Yaya Nyundo akaangalia chini.

Nilikuja kujua baadaye kwamba alikuwa amemaliza mwaka mzima bila kuleta nafsi hata moja, na watu walishaanza kunong’ona kwamba moyo wake ulibaki ku rock.

Siku ya Mungu iliyofuata tulikuwa watano. Halafu wanane. Halafu kumi na moja, wote tisheti nyeusi, moja ina fuvu la kichwa mpaka Béa akamlazimisha mwenye kuivaa aigeuze ndani nje. Wote tulitaja jina moja. Ilipofika Siku ya Mungu ya nne, Pasta akamfanya Yaya Nyundo mkubwa wa wanamuziki wote. Tukatoka tumevimba. Tukasema, sasa ndiyo tumemlipa shukrani yake, imechelewa lakini imefika.

Mahubiri hatukuyasikia. Nakiri na hilo. Nyimbo zikiisha tulikuwa tunahesabu misumari ya paa. Papi analala macho wazi, ni kipaji.

Na kwa sababu hatukusikiliza, hatukujua kwamba pale, wageni wa mutu mmoja wakifikisha Siku ya Mungu nne si wageni tena, hata yule aliyeingia mara moja tu. Majina yao yote yanaingia ku liste ya ubatizo.

Ijumaa Yaya Nyundo akaja kwenye meza yangu sokoni, pale ninapotengeneza simu. Tangu aache Mitraille hatukuwa tumesemezana. Akakaa kwenye kiti cha wateja.

“Président.”

“Yaya.”

“Pasta aliandika majina yenu. Bote kumi na moja. Jumamosi ya juma inayokuya munaingia mu maji, kule ku mto Panda.”

“Na hii baridi? Yaya, kule samaki yenyewe inavaa koti.”

Hakucheka.

“Na tukikataa?” nikauliza.

“Basi minye nilileta bongo kumi na moja, batu ba uongo, mu nyumba ya Mungu. Kwiko batu beko nasema tayari: bale ni bafan ya rock, anabaleta juu ya sifa. Bataninyanganya fimbo.” Akasugua vidole vyake, vinene, vyeusi kwa kazi. “Nilishaacha ngoma mara moja. Nilizania ni kintu kidogo. Miezi mine nilikuwa nagonga vidole ku sahani ya kula bukari mpaka bibi yangu akalia. Njo akaniongoza ku Pasta, aniombee ngoma. Mara ya pili sitaweza, mudogo wangu.”

“Juu ya nini haukutufukuza siku ya kwanza?”

Akaangalia simu zilizofunguliwa matumbo pale mezani.

“Juu nilibaona mule nyuma, na nikapiga muzuri. Njo kosa yangu.”

Nikamwambia, “Yaya, acha minye nipange.” Ni neno langu. Nalisema kila mara, hata nikiwa sijui nitapanga nini.

Jana tukakutana comité nzima. Béa akasema, “Minye Mungu simuogope, naogopa maji.” Papi akasema tuhame mji. Minye nina tatizo langu: nilishabatizwa mtoto, kuna picha, na mshumaa wenyewe mama anautunza ku kabati pamoja na nguo za kitenge. Akisikia nimezamishwa tena mara ya pili, atanirudisha tumboni nizaliwe upya kwa mkono wake. Kuingia majini kwa uongo, hata minye niliona ni mbaya. Kukimbia, tunamwacha Yaya Nyundo na kondoo kumi na moja waliopotea ku daftari.

Kwa hiyo nikatengeneza uongo. Minye ni bingwa wa uongo, waulize walimu walionifukuza mwaka wa tatu wa mécanique. Ulikuwa safi: wote kumi na moja lazima kwanza tuombe baraka ya wazazi, wengine wako mbali, tupewe mpaka Noeli. Pasta gani atakataa baraka ya wazazi? Nililala usingizi wa mfalme.

Leo, baada ya nyimbo, Pasta akatuita mbele. Ni mutu mfupi, miwani mikubwa, sauti ya upole. Akanipa mikro.

“Mutoto yangu, toa ushuhuda. Bwana alikufanyia nini mu hii kanisa?”

Nikafungua mdomo.

Nikamwona Yaya Nyundo nyuma ya ngoma, fimbo kati ya magoti. Bibi yake kwenye benchi la pili na mtoto mgongoni. Hakuwa ananiangalia minye. Alikuwa anaangalia zile fimbo.

Uongo ukapotea. Mzima, na Noeli yake.

“Pasta,” nikasema, “minye ni fan.”

Kanisa zima likanyosha shingo.

“Yaya Nyundo hakutuita. Hata mumoja. Tulikuya shiye wenyewe juu ya kusikia ngoma yake, halafu tukasema jina yake juu tulizania ni kumuheshimia. Mahubiri hatukusikia. Mutuhurumie. Miaka tatu huyu muntu alitupigia, tukapiga kelele ya jina yake mpaka sauti inakauka, na hakuna mumoja wetu alimwambia aksanti. Vile alienda, minye nilimutukana, tena kwa kuandika. Kama kwiko bongo hapa, beko wamesimama mbele yenu. Ule mwenye kukaa ku ngoma si mumoja wao.”

Nikamaliza na jasho, na baridi ile.

Pasta akageuka. “Ndugu Dieudonné, ni kweli hakubaita?”

Yaya Nyundo akasimama. Angeweza kusema ndiyo na kukaa. Minye ningefanya hivyo.

“Ni kweli, Pasta. Lakini nilijua juu ya nini banakuya, na nikanyamaza. Tena nilikuwa nabapigia na bale.”

Watu wakaguna. Pasta akanyosha mkono, na Yaya Nyundo akatoka nyuma ya ngoma, akampa fimbo zote mbili. Bibi yake akafunga macho. Shajara, sijawahi kuona mikono ya mutu ikibaki mitupu hivyo.

Basi Mama Shemasi akasimama. Bila mikro, haihitaji.

“Pasta, kama ni kusema kweli, tuseme. Minye siku ya kwanza nilikuya juu ya unga. Balisema mutagawa unga. Unga ilikwisha mbele nifike. Nikabakia juu nilikuwa nimechoka miguu.”

Mutu akacheka. Mwingine akacheka. Mzee mmoja mwenye koti akasema yeye alimfuata mutu aliyechukua baiskeli yake, akamkuta anaimba kwaya, akasubiri wimbo uishe, na mpaka leo anausubiri. Mama mmoja akasema alikimbia mvua. Kila aliyesimama alikuwa na lake, na hakuna hata mmoja aliyeletwa na mahubiri. Nilimwangalia Pasta, nikaona anazihamisha zile fimbo kutoka mkono mmoja kwenda mwingine.

“Minye,” akasema taratibu, “nilifwata bibi yangu. Wakati ule alikuwa bado ananiambia hapana.”

Kanisa likavunjika kwa kicheko.

Aliposikika tena, akatoa hukumu. Majina yetu yanafutwa ku liste, maji si ya kuingia kwa deni la mutu mwingine. Tukitaka kuja kusikia ngoma, mlango hauna kufuli, lakini tunakaa mstari wa mbele, na tunabaki mahubiri yote, macho wazi. Papi akapumua kama mutu aliyepewa miaka kumi ya gereza. Halafu Pasta akampa Yaya Nyundo fimbo zake, moja baada ya nyingine, akasema, “Rudia ku kazi.”

Tulipokuwa tunarudi kukaa, Béa hakutembea. “Yangu acha, Pasta,” akasema. “Jina yangu acha mule ku liste.” Sisi kumi tukamwangalia. Hakutuangalia. Nilipomuuliza baadaye akaniambia nishike njia yangu.

Nje, watu wakisalimiana ku jua, nikamfuata Yaya Nyundo. Alikuwa amembeba mtoto. Nikasema, bila mikro, bila comité nyuma yangu:

“Aksanti, yaya.”

“Juu ya nini?”

Na minye, mutu wa maneno, nilisimama pale kama nguzo ya courant. Nilitaka kusema ile siku nilipofukuzwa masomo nilikwenda konseri ya Mitraille badala ya kwenda nyumbani, na alipopiga sikuona haya tena. Nilitaka kusema mambo kumi. Akanipiga begani na ule mkono wake wa chuma, bega bado linauma sasa ninapoandika.

“Siku ya Mungu inayokuya usichelewe,” akasema. “Tunaanza na wimbo muzito.”

Basi hii ndiyo hali yangu. Kesho nitamwambia mama kabla soko halijamwambia; nitakaa karibu na mlango. Juu ya lile andiko la mwaka jana, nimelifuta, na hili naliweka mahali pake, walionicheka wacheke tena.

Inabaki mstari wa mbele. Saa mbili za mahubiri, macho wazi, Pasta ananitazama miwani kwa macho. Nitaweza? Kwa Yaya Nyundo, nitaweza. Na usingizi ukinishika, Béa atakuwa pembeni, kucha zake ni ndefu.