Kitambaa Cheusi Juu ya Kompyuta Zako

Tata Prof,

Kompyuta zako bado ziko hapa. Naanza na hilo kwa sababu ndilo ungeliuliza kwanza, kabla hata ya kuniuliza kama nimekula. Ziko juu ya ile meza ndefu ya darasa la mwisho, na kufuli liko mlangoni. Lakini juma lililopita zilikaribia kuondoka, na mpaka leo nikisikia lori linapunguza mwendo mbele ya shule, nakwenda kushika kufuli.

Ngoja nikueleze, maana uliondoka bila kutuachia nafasi ya kuulizana. Asubuhi ile ulinipigia simu: "Masengo, uanze na batoto, mi nakuya." Ukaenda hospitali kupima presha, ukabaki hukohuko. Nilianza nao. Hukuja. Nimekukasirikia kwa hilo, Tata Prof, wala sitakuficha.

Siku ya kilio wanafunzi wa darasa la tano walikuja kwako Manika wakiwa na sare zao. Unatujua: nyumba ikifiwa, redio inazimwa, televisheni inafunikwa, mpaka familia imalize matanga. Debora, yule binti wa mchimbaji aliyekuchosha kwa maswali, akamwendea mkeo pale chini alipokaa, akamwuliza kama mashine za Prof hazijafiwa. Mama Numbi aliinuka. Aliingia ndani, akatoka na kitambaa kirefu cheusi, akampa. Kesho yake wanafunzi waligeuza kompyuta zote zikatazama ukuta, wakazifunika. Ncha moja niliishika mimi. Wako wanaosema nilipaswa kukataa, kwamba mashine haina roho. Siwasikilizi. Hao hawakukuona ukizipuliza vumbi kila asubuhi.

Ila kitambaa cha kilio hakifunuliwi na yeyote tu. Anafunua mjane, tena siku ambayo ndugu za marehemu wamekubali, na kaka yako wa Kisenge alikuwa amesema atakuja mwisho wa muhula. Basi tukarudi kufundisha kama zamani.

Unaikumbuka hiyo zamani? Mimi nilikuwa bado mwanafunzi wako. Shule nzima haikuwa na kompyuta hata moja, na wewe ukatuchorea kibodi sakafuni kwa chaki, tukarukaruka juu yake kuandika majina yetu. Halafu ukatupanga wanane mbele ya darasa. Aliye na taa ya kichwani iliyowashwa ni moja, aliyeizima ni sifuri. Taa zilikuwa za baba zetu na kaka zetu, tulizibeba kimyakimya, mpaka wachimbaji wakaja shuleni kulalamika kwamba betri zinawaishia shimoni. Ndipo ukasema tutumie mikono. Mkono juu, moja. Mkono chini, sifuri. "Batu munane, herufi moja," ulikuwa unasema, na tulicheka, kwa sababu tulidhani unatudanganya. Baadaye ulipozileta mashine kutoka Fungurume, zile ambazo ofisi fulani ya mgodi ilikuwa inazitupa, ukikaa nyuma ya lori na skrini mapajani kama mtoto mgonjwa, tulijua tayari kinachoendelea ndani yake. Sisi wenyewe tulikuwa tumeshakuwa kompyuta.

Sasa sikiliza. Alikuja bwana mmoja kutoka ofisi ya elimu, mwenye kuzunguka kuangalia vifaa vya shule. Hakutoa taarifa. Prefe, kama mkuu wa shule, akamfungulia darasa lako, naye akakuta nini? Mashine zimegeukia ukutani, zimefunikwa kitambaa cheusi, vumbi jekundu juu yake limelala vizuri. Nilikuwa darasa jingine. Nilipofika mbio alikuwa ameshaandika. "Hii ma-mashini inalala tu," akaniambia. "Mwalimu wenu amekufa, na hapa hamuna mwengine." Mimi nilikuwa nimesimama mbele yake, Tata Prof, na chaki mkononi.

Alisema zitapelekwa shule nyingine ya mjini, shule ya ada kubwa, penye jenereta na watoto ambao nyumbani kwao kompyuta haikosekani. Atarudi Alhamisi saa tatu na lori. Kama kuna la kumwonyesha, tumwonyeshe siku hiyo. Nilimweleza habari ya kilio. Aliitikia kwa kichwa, kwa adabu, nikaona kabisa kwamba haiingii kwenye karatasi yake.

Wanafunzi walitaka kufunua wenyewe mara moja. Nikakataa. Kama ni kupoteza mashine, tuzipoteze, lakini sitamvunjia mkeo kilio. Nikapanda pikipiki ya teksi-moto mpaka kwako. Mama Numbi alikuwa anapepeta unga. Nilimwambia yote. Akauliza jambo moja tu: "Na batoto ba shule ingine, bale benye habana kitu, bataziona lini?" Akachukua simu, akampigia shemeji yake Kisenge, na mimi hapo hapo nikaisikia sauti ya kaka yako mpaka nje ya simu. Hapana. Siku haijafika. Mwanamke anayefunua kilio kabla ya siku anatafuta nini? Mama Numbi alisema "Ndiyo, tata. Nimesikia, tata," akakata, akarudi kwenye unga wake. Hakuniambia atakuja. Hakuniambia hatakuja. Niliondoka miguu ikiniuma kama niliyetembea mpaka Fungurume.

Alhamisi lori lilifika kabla ya saa tatu. Vijana wawili walishuka na kamba. Yule bwana akaingia, akasimama karibu na meza, prefe akawa anasugua mikono yake tu. Saa tatu ikapita. Wanafunzi walikuwa wameketi kimya, kimya ambacho hukuwahi kukipata wewe hata siku ya mtihani. Nilikuwa nafikiria maneno ya kumwomba, na yote yalikuwa yanakauka.

Ndipo mkeo akaingia. Nguo nyeusi juu mpaka chini, vumbi la njia miguuni. Hakusalimia mtu. Alikwenda moja kwa moja mezani, akasimama mbele ya kitambaa, akasema maneno na wewe kwa Kiluba, polepole. Sikuyashika yote, na hata yale niliyoyashika sitayaandika hapa, ni yenu. Kisha akafunua. Alikunja kitambaa kwa ndani ili vumbi lisitumwagikie, na wanafunzi wakainuka bila kuambiwa, wakageuza mashine zikatutazama.

Nikabonyeza swichi. Taa ndogo ya kwanza ikawaka, nikapumua. Halafu umeme ukakatika.

Unaujua mwenyewe umeme wetu. Nilitamani kulia mbele ya watu. Yule bwana alitazama saa, akafunga kalamu yake, akasema basi, ameona, akawageukia wale wa kamba. Na Mama Numbi, ambaye maisha yake yote nimemsikia akisema kwa sauti ya chini, akavuta kiti chako.

"Tata, mwikale kwanza," alisema. "Mi nafunua kilio ya bwana yangu mbele ya siku, juu ya hii batoto. Ninyi munashindwa kungoya kuran?"

Yule bwana alikaa. Mtu gani wa Kolwezi angeweza kutokaa?

Tukaungoja umeme. Joto la mabati lilikuwa linashuka juu yetu. Basi Debora akasimama, akaita wenzake mbele, wajipange herufi. Walipojipanga wakawa saba. Wa nane wa kundi lake alikuwa ameenda na mama yake mtoni kuosha mawe ya madini. Debora akawaruka waliokaa, akamwangalia yule bwana. Nilijua anachotaka kufanya na sikuwahi kumzuia. "Tata, simama hapa." Akasimama! Pengine kwa sababu Mama Numbi alikuwa bado anamtazama. Akapangwa wa mwisho, mkono wa koti umekunjwa, na Debora akapita mbele yao akigusa bega moja moja: chini, juu, chini, chini, juu, juu, chini. Alipomfikia: "Inua mukono, Tata." Akainua. Darasa zima likaitamka pamoja: M. Ile uliyoanza nayo kila mwaka, herufi ya mama.

"Munajuaje kama ni kweli?" yule bwana akauliza. Nilishukuru kwa swali hilo, lilikuwa swali la mwanafunzi.

Umeme uliporudi, Debora alifungua ile programu ndogo mliyokuwa mnaiandika pamoja, ya kubadilisha sifuri na moja kuwa herufi. Haikuwa imejaribiwa tangu ufe. Sikujua kama mliimaliza. Akaandika mikono ya wale wanane kwa mfuatano, akabonyeza. M ikatokea, peke yake, katikati ya skrini. Yule bwana aliutazama mkono wake wa kulia kama anauona mara ya kwanza.

Lori liliondoka tupu. Mashine zinabaki mpaka mwisho wa mwaka, atarudi kuangalia, na nilikubali sharti lake kwa furaha kuliko alivyotegemea: kila Jumamosi darasa liwe wazi kwa watoto wa shule za serikali za jirani zisizo na kitu. Jumamosi ya kwanza walikuja wengi, tukawaweka watatu watatu kwa kila kiti. Mama Numbi akawa na jibu lake.

Kaka yako hajapiga simu tangu siku ile. Mkeo anavaa nyeusi bado, anamngoja, na akishika simu naona anaogopa. Kama huko mliko mnaweza kumtembelea mtu usingizini, nenda Kisenge. Mtetee. Sisi hatuna uzito wa kumwambia mkubwa wako kitu.

Mimi naogopa pia. Mwisho wa mwaka si mbali, umeme ni uleule, na nikisimama mbele ya darasa najikuta natazama mlangoni, kana kwamba bado unakuja.

Kitambaa, mkeo alikataa kukirudisha nyumbani. Alinipa mikononi, akasema vumbi la Kolwezi halina siku ya kupumzika. Kwa hiyo kila mchana, wanafunzi wakitoka, nakitandaza juu ya mashine zako mimi mwenyewe, ncha mpaka ncha. Pumzika, Tata Prof. Nitaanza na batoto. Kila asubuhi, mradi niko hai, nitakifunua.

Masengo wako