Wimbo Anaouomba Shemeji Redioni

Mpendwa Mama Mshauri,

Pokea salamu kutoka Bariadi, nami naomba msaada wako ingawa mimi mwenyewe sina shida, ni bibi harusi ambaye ndoa yake bado inanukia, tulifunga baada ya mavuno ya pamba mwaka huu na mpaka leo nikisikia baiskeli ya mume wangu Mihayo ikikata kona kwenye ua wa minyaa moyo unaruka kama siku ya kwanza.

Nikueleze tulivyopatana, maana ndipo jambo lenyewe linapoanzia. Nilipomaliza kidato cha nne nilirudi nyumbani Migato, na jioni tulikuwa tukisikiliza kipindi cha salamu kwenye redio ya baba, na betri zenyewe ni zile za kuanika juani mchana kutwa ili zipate nguvu kidogo, basi siku moja mtangazaji akasoma kadi ya fundi baiskeli wa Bariadi anayemsalimu binti aliyemwona mnadani amevaa gauni la njano, na gauni hilo lilikuwa langu. Mama aliacha kuchambua pamba akasema, "Kumbe gauni lile limefika mpaka redioni," wote wakacheka, nami nikakimbilia nje nikiwa na furaha isiyo na jina. Kadi zikafuatana mpaka wazee wakakutana. Kwa hiyo redio ndiyo iliyonioza, Mama, na siwezi kumchukia mtu anayetuma salamu.

Sasa dada yangu Felisita aliolewa Malampaka na shemeji Athanasi. Nilipokuwa mwanafunzi nilikwenda kwao kila likizo, nashuka stesheni, na kabla sijaiona nyumba naisikia, maana shemeji alikuwa na redio kaseti kubwa aliyoinunua wakati wanunuzi binafsi wa pamba walipoanza kuja, na alikuwa na wimbo mmoja wa rumba ambao akiuweka anafungulia sauti mpaka mwisho, watoto wa majirani wanacheza barabarani, nami nasema moyoni, nikiolewa nataka nyumba yenye raha kama hii. Siku zile nazikumbuka mpaka leo.

Haikupita muda mrefu baada ya harusi yetu, dada akafika kwangu bila hata mfuko, mkono wa kushoto haunyooki, akasema Athanasi amekuwa akimpiga miaka yote, amemtoroka na hataki ajue alipo. Nililia naye, nikampa chumba. Lakini shemeji ameanza kutuma kadi kwenye kipindi kile kile chetu, na mtangazaji anazisoma kwa sauti ya upole: "Nakusalimu mke wangu Felisita popote ulipo, chakula hakipiti kooni. Msikilizaji unayejua alipo, nijibu kwa kadi, nimtumie nauli arudi." Halafu anaomba ule wimbo wake wa zamani.

Mara ya kwanza dada alikuwa anasonga ugali, akauacha mwiko kwenye sufuria akatoka, nikamkuta amekaa nyuma ya nyumba ameziba masikio. Nikamwambia, "Dada, bado unampenda, ndiyo maana wimbo unakuumiza." Akasema, "Zima redio, Joyness. Hujui unachosikiliza." Jirani yetu Eufrasia naye akamwambia, "Mwanaume anakuita mbele ya nchi nzima, wengine hata ndani ya nyumba majina yetu hayatajwi." Tulicheka, isipokuwa dada. Kesho yake Mihayo akatoa betri akasema redio imeharibika, fundi mzima anayekesha na minyororo ya baiskeli anashindwa redio, nami nikanuna, kadi zilizofuata nikazisikilizia kwa Eufrasia.

Mama, nimeshajaza kadi: "Shemeji tulia, yuko salama kwa mdogo wake Bariadi, njoo mpatane." Sijaituma. Natamani nyumba ile ya Malampaka irudi kama zamani. Je, niitume?

Wako,
Joyness

JIBU

Mwanangu Joyness,

Usiitume. Ichome jikoni kabla hujamaliza kusoma.

Wasomaji wengine wajue kwamba bibi harusi huyu nilimjibu kwa posta siku ile ile, na barua yake imechapwa leo, kwa majina ya kubuni ya watu na ya miji, baada ya dada yake kuhamia mahali ambapo hata mimi sijaambiwa. Niliyomwandikia ni haya.

Una moyo mzuri na ndoa yako inanifurahisha. Hata mimi niliwahi kukaa karibu na redio nikingoja jina langu, najua utamu wake. Lakini umeusikia wimbo ule miaka mingi na hujajiuliza kwa nini ulifunguliwa mpaka mwisho. Mwanangu, ulifunguliwa ili majirani wasisikie kitu kingine. Wakati ninyi mnacheza barabarani, dada yako alikuwa ndani. Sasa mtu huyo anamtumia wimbo ule ule kwa kipaza sauti cha nchi, na dada yako anauelewa vizuri: bado nakutafuta. Zile si salamu. Ni msako, na wasaidizi wake ni watu wema kama wewe na Eufrasia.

Mumeo ametoa betri bila kumhoji mgeni wake. Acha kununa. Huyo ndiye anayejua kupenda humo ndani.

Fanyeni hivi. Dada aende polisi, umsindikize, atoe maelezo na apewe PF3, ile fomu ya polisi ya matibabu, ili daktari aandike hali ya huo mkono. Mkitoka hapo mwoneni afisa ustawi wa jamii wa wilaya. Dada ahame, maana jirani ameshalijua jina na kadi inaweza kutoka kwake hata kama yako imeungua. Eufrasia aambiwe mgeni ameondoka, basi. Mwenyekiti wenu wa mtaa ajulishwe, ili shemeji akitokea msiwe peke yenu. Mwandikieni mkuu wa kituo cha redio kwamba mwanamke anayetafutwa amekimbia kipigo, kadi zile zisisomwe tena. Barua hiyo itumwe kutoka mji mwingine, maana mhuri wa posta hutaja barua ilikotoka.

Hapa naongeza neno la leo, ambalo halikuwamo katika barua ya posta: wewe unayeitwa Athanasi humu, ukijitambua, usifunge safari. Hayupo tena pale, na maelezo yake yako polisi.

Joyness, ile nyumba ya Malampaka unayoililia haikuwahi kuwapo. Ya kwako ipo, itunze. Betri zikae kabatini. Siku dada yako atakapotaka muziki, mpe redio aiwashe mwenyewe, na sauti aongeze au apunguze yeye.