Jina la Mutalemwa

Chonyonyo, Jumapili baada ya misa

Projestus,

Shikamoo yako imefika. Marahaba yangu inabaki kwangu.

Huku mvua zimekatika na kahawa inakauka vizuri.

Unataka nije Mwanza nimtamkie mwanao jina la Mutalemwa, maana kwetu ni kazi ya shangazi. Unajua maana yake? Asiyeshindwa. Wa kwanza, babu yangu, njaa ilipohamisha jirani zake wote, yeye alibaki na migomba yake. Wa pili, baba yangu, kila aliyekuja kutaka kununua kibanja, shamba letu la ukoo, alimfukuza kwa fimbo. Wote wawili wamezikwa humo humo.

Nawe, baada tu ya kukirithi kwa kaka yangu, umekiuza kibanja pamoja na makaburi, bila kuniambia! Jana nimemkuta mnunuzi akipanda maharage juu ya kifua cha baba yangu. Nilipofoka, akaniuliza mimi ni nani.

Mtoto hana kosa. Kofia niliyomfumia nitaituma na basi la Omurushaka. Jina sileti. Mwite kwa jina la huyo mnunuzi. Yeye ndiye mwenye babu zako sasa.

Shangazi yako, kwa damu tu,
Leokadia