Wageni wa Bibi Wataketi Ukumbini

Zeina na Abubakr, wanangu,

Nimekwenda stendi kuwapokea akina mama wa Ganze wanaokuja kwenye arobaini ya Bibi yenu. Zeina, ongeza mchele, na nazi uzikune mapema. Abubakr, watandikie wageni mikeka ~~uani~~ ukumbini. Ndiyo, ukumbini, pamoja na shangazi zenu.

Najua mmetusikia asubuhi. Mjomba wenu Abdillahi alisema watu wa mashamba watakula nje, ukumbi ni wa jamaa. Nikamwambia, "Kaka, mama alikuwa mkunga wa serikali. Ujana wake wote uliishia Ganze." Akanijibu kwamba mama alikwisha kustaafu, na kazi yake ilikwisha siku hiyo.

Ilikwisha wapi? Alipokuwa hajiwezi, ni nani aliyekuja kukaa naye na kumkogesha, Mjomba akiwa na shughuli zake? Ni Kadzo, aliyezaliwa mikononi mwa Bibi huko Ganze. Alikuwa akimwita Hawe, bibi kwa lugha ya kwao, naye Bibi akiitika kama alivyowaitikia nyinyi. Leo nimweke Kadzo nje? Siwezi, na sitaki.

Mjomba akiuliza nani kaamua, mwambieni ni mimi. Shikamoo yake mpeni kama kawaida. Akiondoka kwa hasira msimzuie, lakini mfungieni chakula chake aende nacho. Katika nyumba ya Bibi hakuna aliyetoka na njaa, hata mkaidi.

Mama yenu