Pete Nne kwenye Sakafu ya Landrova

Jumapili, mchana. Mvua imekatika tangu asubuhi, lakini uani bado hapakanyagiki, na viatu vyangu vya ibadani nimeviacha mlangoni vikiwa vizito kwa tope. Umeme upo, modemu inasuasua, mume wangu amelala kwenye kochi na gazeti usoni. Moyo umetulia kuliko nilivyotegemea.

Leo lazima niamue kuhusu lile gari.

Nianze na sababu. Ninauza dawa za mifugo hapa Bariadi. Nilianza enzi zile majosho ya serikali yalipokauka na kila mfugaji akaambiwa ajitafutie dawa mwenyewe, na tangu hapo nimekuwa nikiwafuata ng'ombe walipo, kwa pikipiki, nyuma nimefunga kasha la barafu lenye chanjo. Kiangazi sina shida. Masika ndipo ndigana, ile homa ya kupe, inapowashika ndama, na masika ndipo mimi nisipofika. Ule udongo mweusi wa mbuga hauna huruma na pikipiki. Mwaka jana nilianguka njia ya kutoka Mwanhuzi kwenda Kimali, na mgongo haujanisamehe mpaka leo.

Kwa hiyo nimejibana, na sasa fedha ya gari ipo. Ni ya gari moja tu, hakuna ya pili. Nikikosea hapa, narudi kwenye pikipiki na mgongo huu huu.

Mume wangu, Baba Minza, ni mwalimu wa jiografia na anapenda vitu vilivyonyooka. Yeye amechagua gari dogo la Kijapani, yale ya mitumba yanayoshushwa Dar kila wiki. Ameniwekea picha yake juu ya friji. Ni jeupe, lina redio, lina kiyoyozi. Nikimuuliza litapitaje mbugani mwezi wa tatu, anajibu kwamba mwezi wa tatu nitapumzika. Ng'ombe nao sijui watapumzika kuugua?

Mimi nilikuwa nimesikia habari za Landrova ya Mzee Maduhu.

Mzee Maduhu anakaa Mwanhuzi. Alikuwa mnunuzi wa pamba miaka ile soko lilipofunguliwa, kila mwenye mzani akawa anakimbilia mashambani kuwahi mkulima kabla mwenzake hajafika. Gari lake alilibadilisha mpaka nadhani waliolitengeneza wakiliona watamwomba awatambulishe. Injini ni ya lori la Canter. Springi ameongeza, bodi imepanda juu kiasi kwamba mimi na gauni langu tuliingia kwa awamu. Mbele lina ngao ya chuma ya kuvunjia vichaka na winchi ya kujivutia. Tairi ni za kashata, zenye meno makubwa. Pembeni ya kioo limepandishwa bomba la maji mpaka juu ya paa, ili injini ivute hewa huko gari linapovuka mto. Viti vya mbele vimetoka kwenye basi, na kimoja bado kina namba yake.

Nilikwenda Alhamisi. Tulinywa chai kwa matobolwa, viazi vitamu vya kukaushwa, tukaulizana habari za nyumbani mpaka zikaisha, ndipo akanitoa nje. Alinionyesha kila alichoongeza na msimu wake. Winchi ni ya msimu aliolala korongoni na mzigo wa pamba. Bomba ni la msimu injini ya kwanza ilipomeza maji ikafa. Nikaanza kuona kwamba gari limebeba vifaa vyote vya kujikwamua kwa sababu limekwama kila mahali, na kwamba kila alipoongeza chuma, uzito uliongezeka, ikabidi aongeze kingine cha kuubeba. Nilimwambia hivyo. Akacheka, akasema mke wake alishamwambia zamani.

Niliingia uvunguni na kanga yangu ya pili. Chesisi nzima, hakuna palipoungwa kienyeji. Klachi inashika juu kidogo. Rejeta imezibwa mara moja, imezibwa vizuri. Wanaume wawili waliokuwa wanapita walisimama kumwangalia mama mtu mzima akitokeza miguu chini ya Landrova, na mimi sikuona sababu ya kuharakisha.

Nyuma, kwenye sakafu, niliona pete nne za chuma zimechomelewa, mbili upande huu na mbili ule. Nilimuuliza ni za nini. Akasema za kufungia mizigo, akaendelea na habari za tangi la pili la mafuta.

Mzee anauza kwa sababu ya macho. Daktari amemwambia asiendeshe tena, na watoto wake walioko Dar wanampigia simu kila siku kumkumbusha. Aliniambia hayo akiangalia pembeni, nami sikumchimba.

Tukalitoa kulijaribu, mimi kwenye usukani na yeye pembeni. Nikachagua njia ya kuelekea Kimali makusudi, kwa kuwa huko ndiko wateja wangu wananililia kila masika. Nisiseme uongo: nilifurahi kupita kiasi. Pale nilipoangukia mwaka jana gari lilipita likinguruma tu, tope likiruka mpaka kwenye paa, na mimi nikajikuta nacheka peke yangu. Mzee akasema nimeshalinunua, bado kulipa tu.

Mbele kidogo tukawakuta watu wamesimama kando ya njia. Wanaume wanne, mama mmoja, na kitanda cha kamba kimewekwa chini kwenye majani. Juu ya kitanda amelala mwanaume, paja limefungwa kanga ambayo rangi yake haijulikani tena.

Nilisimama. Ungewezaje usisimame?

Lakini hakuna aliyeniomba. Hapo ndipo palipo na neno langu lote la leo. Hakuna aliyekuja dirishani kueleza, wala kuuliza gari linaelekea wapi, wala kuuliza huyu mwanamke kwenye usukani ni nani. Walifungua mlango wa nyuma wenyewe, wakaingiza kitanda miguu mbele, na wenye kamba mkononi wakainama kila mmoja kwenye pete yake. Kitanda kilikaa katikati ya zile pete nne kama droo kwenye kabati lake. Yule mama, ambaye nilikuja kujua anaitwa Holo na mgonjwa ni mume wake, alizungusha kamba mara mbili kwenye pete ya nyuma kushoto.

"Hii huwa inalegea, mayu," akaniambia, akiniita mama kwa Kisukuma. "Ukifika korongoni nenda taratibu."

Mimi niliyelala uvunguni mwa gari lile asubuhi nzima sikuwa nimeona kwamba inalegea.

Walikuwa wanasubiri mkokoteni wa ng'ombe, wakasikia mlio wa Landrova kutoka mbali. Wakajua. Nkwabi, huyo mume, alikuwa amepigwa pembe na dume lake mwenyewe wakati wa kulima. Nilipogeuza gari kurudi Mwanhuzi nilikuwa nimekasirika, na sijui niandikeje hasira hiyo nionekane mtu mwema. Sikumkasirikia mgonjwa. Nilimkasirikia Mzee Maduhu, aliyekaa pembeni yangu akitazama njia asiyoiona vizuri. Pete za mizigo!

Safari ilikuwa ndefu. Kwenye korongo nilikwenda taratibu kama nilivyoagizwa, na nyuma sikusikia mtu akilia. Nilichosikia ni Holo akimweleza mumewe kwa Kisukuma kwamba dereva ni yule mama wa dawa wa Bariadi. Kisha sauti ya Nkwabi, dhaifu lakini ya mfugaji kabisa, ikaniuliza ile dawa ya kupe ya chupa ya kijani imeingia? Kwa maana ndama wake wawili hawanyonyi vizuri.

Nikamwambia imeingia. Akasema wabeja, asante. Na lile dume, akaongeza, lisipigwe, halikukusudia.

Nilicheka na machozi yakanitoka, vyote kwa pamoja, na mikono yote miwili iko kwenye usukani, sina hata wa kujifutia.

Pale hospitali wahudumu nao walikuja moja kwa moja nyuma ya gari, wakafungua kamba bila kuuliza. Nikaelewa kwamba wilaya nzima inajua pete zile ni za nini isipokuwa mimi niliyetaka kuzinunua.

Tulipobaki wawili nilimuuliza mzee kwa nini hakunieleza. Hakujitetea. Alisema alianza na mgonjwa mmoja, msimu wa pamba, mkulima aliyekuwa anampimia pamba. Kitanda kiliteleza njia nzima, mgonjwa akaumia zaidi, ndipo akazichomelea pete. Baada ya hapo wakaja wengine, na wajawazito, na marehemu wa kurudishwa kwao. Hajawahi kumtoza mtu. Hajawahi pia kulala mpaka asubuhi akiwa na uhakika kwamba hatagongewa. Alisema wameshakuja wanunuzi kadhaa, na kila aliyeambiwa alikwenda kufikiria na hakurudi.

"Nilijua nikikwambia hutanunua," alisema. "Ukitaka nitazikata. Grinda ipo, ni kazi ndogo. Watu wataona, watajua limebadilika."

Nilimwambia nitapiga simu Jumapili.

Nimekuwa nalo jambo hili tangu Alhamisi. Dukani nimempa mtu dawa ya minyoo badala ya ya kupe, bahati nzuri alisoma chupa.

Niandike ninachokiogopa, kwa kuwa hapa ndipo pa kuandikia. Naogopa kugongewa. Naogopa kuendesha na mtu ananifia nyuma, na mkewe akiniangalia kwenye kioo. Mimi ni mfanyabiashara, nimetafuta gari la kupelekea dawa za ng'ombe, sijaomba kazi ya kuokoa watu. Nikilinunua lile gari, pete zikiwepo, wala sitaulizwa kama nataka. Na zikikatwa, basi mimi ndiye nitakayekuwa nimezikata. Nitapita Kimali na chanjo zangu, Holo yupo kando ya njia, ataangalia nyuma ya gari, ataona sakafu tupu, na atanisalimia kwa heshima zake zote.

Heshima hiyo ndiyo siitaki.

Nilimweleza Baba Minza yote Ijumaa jioni. Yeye hana maneno mengi, lakini aliyo nayo yanauma. Alisema nitakuwa ambulensi isiyo na mshahara, na kwamba dereva wa ambulensi ya kweli ana siku ya mapumziko. Ni kweli kabisa. Nilimwambia tu kuhusu Nkwabi na lile dume lisipigwe. Akatabasamu kidogo, akarudi kusahihisha madaftari.

Asubuhi hii Mzee Maduhu amenitumia ujumbe, nadhani ameandikiwa na mjukuu: Nkwabi ameshonwa, anakula, anawasumbua wauguzi kwa maswali ya ndama. Kuhusu gari hakuandika neno. Nimempenda kwa hilo.

Nimeacha kuandika kidogo kwa kuwa nimesikia geti linagongwa.

Kumbe kochi ni tupu. Baba Minza yuko nje, peku kwenye tope, suruali amekunja mpaka magotini, anapima upana wa geti kwa kamba ya kuanikia nguo. Nimemwita dirishani nikamuuliza anafanya nini. Amesema ile ngao ya mbele haitapita hapa, itabidi nguzo moja isogezwe, na ni afadhali isogezwe ya upande wa dirisha letu la chumbani ili mtu akija kugonga asizunguke nyumba nzima. Ameyasema hayo kwa sauti ile ile anayofundishia mistari ya latitudo. Picha ya gari jeupe haipo tena juu ya friji. Sijui ameitoa saa ngapi.

Nimekaa nikalia kidogo, si kwa huzuni.

Kisha nimempigia Mzee Maduhu. Nimemwamkia, nimeuliza habari za macho na za mama, ameniitikia zote. Halafu amebaki akinisubiri, na nyuma yake nasikia kuku.

Nimemwambia nakuja Jumatano kulichukua. Nimemwambia grinda aiache ilipo. Ila ile pete ya nyuma kushoto imelegea, amwite fundi aichomelee upya kabla sijafika.