Fundi Amezifuta Pumzi Zangu

Dada yangu mpenzi,

Mimi mzima, ila chumba changu kina kiti kimoja, na kimekaliwa na sello yangu, ile ambayo Mama aliiita "zeze kubwa".

Unaikumbuka pumzi ninayovuta puani kabla ya kupiga? Kwenye muziki wa kale, wenzangu wanaisikiliza ili tuanze pamoja. Kwenye muziki mpya, mtunzi mmoja ameiandika kabisa katikati ya noti zake. Mwezi uliopita nilirekodi wimbo na bendi ya vijana, fundi mitambo akaniuliza, "Mbona unakoroma ukiwa macho?" Akazifuta pumzi zote kwenye rekodi. Nilicheka nao.

Ndipo ikaja barua yako. Unasema Mama, ambaye siku hizi hata wewe hakutambui, aliusikia wimbo ule redioni. Zamani pumzi moja tu ilimtosha: "Huyo mwanangu!" Safari hii alisikiliza mpaka mwisho, akauliza, "Mbona leo hakuja?"

Dada, nimejirekodi humu chumbani. Nimepiga ovyo, lakini pumzi zimo zote. Mwekee rekodi hii sikioni. Usimwambie ni nani.

Kisha niandikie alichosema, hata kama hakusema kitu.

Kitindamimba wenu